Vijana Watatu wa Dublin na Santuri ya Maombi

Mama msomaji, pengine jambo hili limekwisha kukufika. Kijana wako, yule aliyekuwa akiimba vizuri katika kwaya ya vijana, anarudi nyumbani jioni moja na gitaa la umeme mgongoni. Anakuambia kwamba yeye na wenzake wameanzisha bendi. Hawataimba matusi, anasema. Wataimba habari za Mungu, lakini hawataimba kanisani tu. Wataimba kumbini, mahali wanapokuja watu wasiokanyaga kanisani. Wewe unabaki umeshika mwiko, ugali unaungua. Jumapili inayofuata mzee wa kanisa anakuita pembeni baada ya ibada, naye anakuuliza kama umesikia mtoto anafanya nini.

Tunadhani maswali haya ni ya kwetu peke yetu. Sivyo. Mwaka 1981, katika mji wa Dublin, Ayalandi, vijana watatu waliokuwa wameokoka waliulizwa maswali hayo hayo, wakaulizwa na pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kanisa lilisema wamezidisha dunia. Dunia ikasema wamezidisha kanisa. Katikati ya mavutano hayo walirekodi santuri yao ya pili, yenye jina la mwezi ilipotoka: October. Bendi yao iliitwa U2.

Wengi wanaijua bendi hiyo kwa utajiri wake na viwanja vikubwa ilivyojaza baadaye. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ilikaribia kufa ikingali changa, na kwamba iliyotaka kuiua ni sala.

WATOTO WA SHULE MOJA

Bendi ilianza mwaka 1976, pale Larry Mullen, mpiga ngoma, alipobandika tangazo katika ubao wa shule ya Mount Temple akitafuta wenzake wa kupiga muziki. Shule ile ilipokea watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti pamoja, na katika Ayalandi ya siku zile hilo halikuwa jambo la kawaida. Walipochujwa wakabaki wanne. Larry mwenyewe. David Evans, mpiga gitaa, ambaye wenzake walimwita The Edge. Adam Clayton wa gitaa la besi. Na mwimbaji, Paul Hewson, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Bono.

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana sisi akina mama hatuwezi kulipita jambo hili kama wanavyolipita waandishi wa muziki. Mwezi wa Septemba 1974 mama yake Bono, Iris, alianguka katika mazishi ya baba yake mwenyewe. Siku chache baadaye naye akafariki. Bono alikuwa na miaka 14. Nyumbani walibaki wanaume watatu, baba na wana wawili, na kama Bono alivyokuja kusimulia akiwa mtu mzima, jina la mama lilikoma kutajwa ndani ya nyumba ile. Si kwa ubaya. Hawakujua waanzie wapi. Iris alikuwa Mprotestanti na mumewe Mkatoliki, kwa hiyo mtoto alikuwa amezoea tangu utotoni kuiona familia yake ikigawanyika siku ya ibada.

Miaka minne baadaye, 1978, mama yake Larry naye alifariki katika ajali ya barabarani. Basi wawili kati ya vijana hawa wanne walikuwa wamezika mama zao kabla bendi haijatoa hata santuri moja. Mtu akitaka kujua kwa nini vijana wa umri ule walimkimbilia Mungu kwa nguvu namna ile, asiende mbali kutafuta jibu.

Walikimbilia kikundi cha Kikristo cha mjini Dublin kilichoitwa Shalom. Kilikuwa kikundi cha uamsho, chenye kusoma Biblia, kusali kwa muda mrefu na kuishi maisha mepesi. Watu wake walikuwa wakarimu, na Bono, The Edge na Larry walipata kwao kitu ambacho nyumba zao hazikuwa nacho tena. Adam hakuingia. Yeye hakuwa mtu wa dini, na katika safari za bendi alijikuta akikaa upande mmoja na meneja wao, Paul McGuinness, wakati wenzake watatu wapo nyuma ya basi na Biblia zao. Ni vizuri kumkumbuka Adam katika habari hii. Katika kila nyumba iliyopata uamsho kuna mmoja ambaye hakuguswa, na mara nyingi hakuna anayemwuliza anajisikiaje.

MKOBA ULIOPOTEA

Santuri ya kwanza, Boy, ilitoka mwaka 1980 ikasifiwa. Kisha wakapelekwa Marekani kupiga muziki katika vilabu vidogo, usiku baada ya usiku. Mwezi wa Machi 1981, walipokuwa katika mji wa Portland, mkoba wa Bono ulipotea. Ndani yake mlikuwa na madaftari yenye maneno na mawazo aliyoyakusanya kwa ajili ya santuri ya pili.

Kila anayejua kazi ya kutunga atalielewa pigo hilo. Sauti unaweza kuikumbuka, lakini maneno uliyoyaandika usiku ukiwa peke yako hayarudi yalivyokuwa. Julai ilipofika waliingia studio ya Windmill Lane, Dublin, pamoja na Steve Lillywhite aliyewaongoza pia katika santuri ya kwanza. Hawakuwa na nyimbo za kutosha. Wimbo mmoja, "Fire", walikuwa wamekwisha kuurekodi visiwani Bahamas katika mapumziko ya safari. Mengine yalibaki mikononi mwa kijana wa miaka 21 aliyesimama mbele ya kipaza sauti akitunga papo kwa papo, huku kila saa ya studio ikihesabiwa fedha.

Mtu anapobanwa hivyo, kinachotoka ni kile kilichomjaa moyoni. Kwa Bono yalitoka maombi. Wimbo wa kwanza wa santuri, "Gloria", una kiitikio cha Kilatini, kama misa ya zamani. Kilatini hicho hakikutoka Shalom. McGuinness, yule yule asiyekuwa katika sala zao, alikuwa amempa Bono santuri ya nyimbo za watawa. Mwimbaji alikosa maneno kwa lugha yake, akaazima ya Kanisa. Wimbo mwingine uliitwa kwa neno la kuwaita watu wafurahi, mwingine ulitaja Yerusalemu, na mwingine mfupi, "Scarlet", karibu hauna neno lingine isipokuwa wito ule ule wa kufurahi ukirudiwa juu ya gitaa na ngoma za polepole.

Kuna wimbo mmoja ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa kazi yote, nao ni "Tomorrow". Unaanza na zumari ya kienyeji ya Kiayalandi, ile yenye mfuko wa kukamuliwa kwa kiwiko, na sauti yake ni kama mtu anayelia akiwa mbali. Bono alipoutunga alifikiri anaimba juu ya machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini. Baadaye ndipo alipotambua kwamba gari jeusi na mlango uliomo ndani yake ni siku ya mazishi ya mama yake. Miaka saba alikuwa amekaa bila kulisema. Akalisema mbele ya kipaza sauti bila kujua kwamba analisema.

HUKUMU YA UPANDE WA KWANZA

Kabla ya wahakiki wa magazeti kupata nafasi ya kusema, kanisa lao lilikuwa limekwisha kusema.

Katika Shalom lilikua neno kwamba muziki wa aina ile haupatani na maisha ya mtu aliyejitoa. Jukwaa linamkuza mwanadamu. Umaarufu ni mtego. Vijana waache magitaa, wamtumikie Mungu. Tusiwacheke watu hawa. Walikuwa wakinena jambo ambalo makanisa mengi ya kwetu yamelinena, na si kila walichoogopa kilikuwa uongo. Wangapi tumewaona wakianza na wimbo wa sifa na kuishia pabaya?

The Edge ndiye aliyelichukua kwa uzito kuliko wote. Ni mtu mkimya, na watu wakimya wakiamua huwa wameamua. Alimwambia Bono kwamba ataondoka kwenye bendi. Bono akajibu kwamba bila The Edge naye hana haja ya kubaki. Wakaenda pamoja kwa McGuinness kumweleza.

Bono amekisimulia kisa hiki mara nyingi. Meneja aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza kama wana hakika ni Mungu aliyewaambia. Wakasema ndiyo. Akawauliza tena kama Mungu huyo anaruhusu mtu avunje mkataba aliousaini, maana safari ya kupiga muziki ilikuwa imekwisha kupangwa, na watu wengine walikuwa wameahidiwa kazi na mishahara kwa sababu yao.

Vijana hawakuwa na jibu. Nami kila ninapoisoma habari hii nacheka kidogo, kisha naacha kucheka. Mtu asiye mlokole ndiye aliyewakumbusha walokole kwamba kutimiza neno lako nako ni sehemu ya utauwa. Mzigo wa mshahara wa mfanyakazi mdogo wa jukwaani haukuwa umeingia katika maombi yao.

Wakaenda safari. The Edge akaendelea kupima moyo wake muda mrefu baada ya hapo, na mwisho wa kupima aliona kwamba hakuna sababu ya mtu kukata mkono mmoja ili autumie mwingine. Walitoka Shalom. Imani hawakuitupa.

HUKUMU YA UPANDE WA PILI

October ilitoka tarehe 12 Oktoba 1981. Uingereza ilipanda hadi nafasi ya 11, juu kuliko santuri ya kwanza iliyofika ya 52. Lakini kule Marekani, ambako kampuni za santuri hutazama kwanza, iliishia nafasi ya 104, wakati Boy ilikuwa imefika ya 63. Wimbo "Gloria" ulipotolewa peke yake haukupita nafasi ya 55 Uingereza. Kwa bendi iliyotarajiwa kupanda, hizo hazikuwa habari njema.

Wahakiki waligawanyika. Wengi walikubali kwamba bendi inapiga vizuri: gitaa la The Edge lilikuwa na sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na ngoma za Larry zilikuwa na nguvu. Lawama iliangukia maneno. Walisema hayakukamilika, yanazunguka pale pale, na mwimbaji anapaza sauti mahali ambapo hana la kusema. Kwa haki, hapo hawakukosea sana. Ukisikiliza nyimbo za mwishoni mwa santuri utasikia mtu anayejaza nafasi. Mkoba ulikuwa umepotea, na pengo lake linasikika.

Lakini kulikuwa na lawama nyingine iliyokwenda mbali zaidi ya ufundi. Muziki wa vijana wa London wakati ule ulikuwa wa hasira, wa kejeli na wa kutoamini chochote. Mtu angeweza kuimba juu ya madawa ya kulevya na kutukana serikali, akaitwa jasiri. Kijana anayeimba kwa Kilatini kwamba anamtukuza Bwana alionekana mshamba au, vibaya zaidi, mtu anayetaka kuwahubiria wenzake. Ndipo utaona ugumu wa safari yao: katika ukumbi ule, tusi halikumshtua mtu, ila jina la Yesu liliwashtua.

Na tukumbuke mwaka wenyewe. Mwaka ule wa 1981 wafungwa kumi wa Ayalandi ya Kaskazini walikufa kwa kugoma kula gerezani. Mgomo ule uliisha tarehe 3 Oktoba, siku tisa tu kabla ya santuri kutoka. Katika kisiwa kile maneno Mkatoliki na Mprotestanti yalikuwa yakitajwa pamoja na mabomu na majeneza. Muayalandi akisikia bendi inaimba Yerusalemu alikuwa na haki ya kuuliza: Mungu wa upande gani? Bono, mtoto wa ndoa ya madhehebu mawili, aliliona swali hilo kila Jumapili ya utoto wake. Hata hivyo santuri haikulijibu. Hilo lilingoja miaka miwili.

Kitu kimoja kiliwasaidia, nacho hakikutoka kwa mhakiki yeyote. Agosti ya mwaka ule ule kituo cha televisheni cha MTV kilikuwa kimefunguliwa Marekani, nacho kilikuwa na njaa ya picha za kuonyesha. Bendi ilipiga picha za "Gloria" juu ya boti katika gati la mfereji, Dublin, watu wakiwazunguka. Ndipo Wamarekani wengi walipowaona kwa mara ya kwanza, wakiimba kiitikio cha misa juu ya maji. Na kampuni yao ya santuri, Island, haikuwatupa.

BAADA YA HAPO

Agosti 1982 Bono alimwoa Alison Stewart, msichana aliyesoma naye. Msimamizi wake wa harusi alikuwa Adam, yule aliyekaa pembeni wakati wa sala. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya kumwomba mtu radhi.

Wakati maharusi wako fungateni, The Edge alibaki Dublin peke yake na gitaa, akaanza kutunga wimbo juu ya damu ya Ayalandi ya Kaskazini. Ndio uliokuwa "Sunday Bloody Sunday", wa kwanza katika santuri yao ya tatu, War, iliyotoka mwaka 1983 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza. Yule aliyekuwa tayari kuacha gitaa kwa ajili ya Mungu alitumia gitaa lile lile kuwataka watu waache kuuana. Santuri hiyo ilimalizika na Zaburi ya 40, ambayo waliigeuza kuwa wimbo kwa haraka, muda wa studio ukiwa umewaishia. Kwa miaka mingi waliutumia kufunga maonyesho yao. Wanamuziki walikuwa wakitoka jukwaani mmoja mmoja, Larry wa mwisho, na umati wa maelfu, wengi wao wasiokanyaga kanisani, wakaendelea kuimba zaburi wakitafuta mlango wa kutokea.

Santuri ya maonyesho yao iliyotoka mwaka ule wa 1983 inaanza na "Gloria" na kuishia na zaburi hiyo. Wimbo uliodharauliwa ukawa wa kufungulia mlango.

Kwetu Afrika ya Mashariki jina la Bono lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1985 yeye na Ali walikwenda Ethiopia wakati wa njaa, wakafanya kazi majuma kadhaa katika kambi pamoja na watoto. Baadaye alikuwa miongoni mwa sauti kubwa za kampeni ya Jubilei 2000, iliyochukua jina na wazo lake kutoka Walawi 25, kutaka nchi maskini zisamehewe madeni. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na fedha zilizopatikana kwa kupunguziwa madeni zilisaidia katika hilo. Wapo wanaomlaumu Bono pia, kwamba tajiri anawasemea maskini, na kwamba kampuni za bendi zilihamishia sehemu ya hesabu zake nje ya Ayalandi ili kupunguza kodi. Lawama hizo zina uzito wake, na mama anayelipa kodi ya kibanda chake sokoni atazielewa upesi.

Na santuri yenyewe? Wahakiki wengi hata leo huiweka chini katika orodha ya kazi za U2. Mimi siwezi kubishana nao juu ya ufundi. Lakini vijana Wakristo waliokuja kushika magitaa baada yao, Ulaya na Marekani, waliisikiliza kwa sikio jingine. Hapakuwa na mahubiri ndani yake, wala ushuhuda uliopangwa vizuri wa mtu aliyekwisha kufika. Walimsikia kijana wa umri wao akitafuta maneno mbele za Mungu, mara nyingine akiyakosa, na hakuyaficha. U2 hawakujiita bendi ya Kikristo, wala hawakutaka kuuzwa katika maduka ya Kikristo peke yake. Waliimba walichoamini mahali palipokuwa na watu.

Mkoba ule wa Portland haukupotea kabisa. Mwaka 2004, miaka 23 baadaye, Bono alirudi katika mji ule kuzungumza juu ya UKIMWI na umaskini wa Afrika. Mwanamke mmoja alimkabidhi karatasi zake. Alikuwa amezikuta mwaka ule ule wa 1981 katika dari ya nyumba aliyopanga, akaziweka miaka yote hiyo bila kuziuza. Bono alizipokea kwa furaha kubwa.